Kitundu Nyuma ya Sikio la Kulia

Ukija kuswali Idi kwetu Texas, iwe Houston au kwenye ule ukumbi tunaoukodi Grand Prairie kwa kuwa msikiti hautoshi, kaa safu ya nyuma uwatazame watu vichwani. Utaona kofia moja inajirudia. Nyeupe, maua manane ubavuni, na katika ua lililo nyuma ya sikio la kulia kuna kitundu kimoja ambacho hakikutobolewa. Kimezungushiwa uzi kama wenzake, lakini katikati kitambaa ni kizima. Msenegali kaivaa. Mpakistani kaivaa. Yule mtu wa Oman aliyekuja kusomea mambo ya mafuta kaivaa, tena kaiinamisha mbele kwa maringo. Hakuna hata mmoja wao anayejua kile kitundu ni cha nani.

Ni changu.

Hapa sijisifu, ingawa kujisifu mimi sioni haya. Mtu aliyeacha shule darasa la tano, akashuka melini bandari ya Houston na begi moja na viatu vya mwenzake, asirudi tena melini, na leo ana ghala lake na malori yake yanayokwenda na kurudi kati ya Dallas na Houston, huyo ana haki ya kujisifu. Kuna madaktari DeSoto, watu wenye vyeti vya kujaza ukuta, wakitaka kufungua biashara hunipigia simu mimi kwanza. Nawaambia fanya hivi, usifanye vile, na wanaandika. Wanaandika maneno yangu mimi! Kwa hiyo nikikwambia kwamba kuna jambo moja nililifanya kijinga, ujue halinitoki kwa urahisi. Linanitoka kwa hasira. Nimekaa nayo hasira hii miaka, naamka nayo, naipakia kwenye lori, inashuka nalo Houston, inarudi nalo.

Kofia ile aliishona mama yangu.

Kwetu Ng'ambo, Unguja, kofia ya mkono ni kazi ya subira. Kinachorwa kwanza kitambaa kwa penseli, kipande cha duara cha juu na kipande kirefu cha ubavu. Halafu unapitishwa uzi kuufuata mchoro. Halafu ndiyo inakuja kazi inayoua macho, vitundu. Kila kitundu kinatobolewa kimoja kimoja, kinazungushiwa uzi ukingoni, kinakazwa, unakwenda kwa kinachofuata, mamia kwa mamia, mpaka kitambaa kinapitisha upepo. Kofia nzuri huchukua miezi mitatu, na mwanamke anaishona huku anapika, ananyonyesha na anagombana na jirani.

Nyumbani tulikuwa wanaume watatu: baba, mjomba na mimi. Kofia zetu zilifuliwa pamoja, zikatiwa wanga, zikafunikwa juu ya mabakuli zikauke, na zikishakauka zote ni sawasawa. Kila Ijumaa ugomvi. Hii yangu, hiyo yako, mbona hii inanibana. Basi mama akabuni alama yake. Katika kila kofia aliacha kitundu kimoja bila kukitoboa. Ya baba ilikuwa mbele ya paji la uso, ya mjomba kushoto, yangu nyuma ya sikio la kulia. Hakukuwa na uganga wala siri, ilikuwa ni kuzuia kelele za Ijumaa asubuhi.

Na nikuambie jambo jingine, kwa sababu nataka uzito wa hasira yangu uwe mahali pake. Mama alipoanza kupoteza macho kwa kazi hiyo, aliyemtibu alikuwa daktari wa Kichina. Walikuwapo Unguja siku hizo, wametumwa na serikali yao, wanakaa nyumba moja, wanalima mboga nyuma ya nyumba, wanapita kwa baiskeli. Yule daktari alimtia dawa miezi kadhaa, hakumtoza kitu, na mama alipoanza kuona vizuri tena akamshonea kofia. Mtu wa watu alikuwa hana hata dini, lakini alikuwa akiivaa sokoni. Kofia yangu mama aliishona baada ya hapo, kwa macho yale yale aliyoyatibu Mchina. Ndiyo ya mwisho aliyoimaliza kabla hajafariki.

Dada yangu alirithi kazi. Ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, na ndiye aliyeuza bangili zake mbili nikapata kitabu cha ubaharia. Alikusanya wanawake wanane uani kwetu, kila alasiri wanakaa juu ya mkeka na sindano zao, wanashona kofia na kuwasema watu. Mimi Marekani nikawa mkono wao. Yeyote aliyekwenda nyumbani alirudi na kofia kumi na mbili sandukuni, na Ijumaa baada ya swala nilifungua buti la gari, nikaziuza Missouri City kando ya Houston, DeSoto kando ya Dallas, popote penye watu wetu. Kabla ya malori, kabla ya ghala, buti lile ndilo lilikuwa duka langu.

Watu wetu nao! Hapo ndipo hasira inapoanzia, si mbali. Mhandisi mmoja, mtu wa pwani kabisa, nyumba ya ghorofa, magari mawili, aliishika kofia ya dada yangu akaigeuzageuza kama anakagua samaki.

“Bei gani hii, ami?”

Nikamtajia.

“Kha! Kwa kofia? Kwa bei hiyo naipata na kanzu yake.”

“Unaipata wapi?”

“Popote.”

“Basi nenda popote. Ukifika msalimie.”

Akacheka, akaenda zake. Na wengine walikuwa hawana ugomvi na bei ila walitaka leo. Idi ni keshokutwa, nina watoto watatu wa kiume na shemeji, nipe tano. Sina tano, nina mbili, nyingine zinashonwa. Zinashonwa mpaka lini? Mimi si mtu wa kuambiwa mpaka lini. Nimejenga jina langu Texas kwa kutomwambia mteja subiri.

Sasa nije kwa mtu wangu wa Houston.

Alikuwa Mchina mwenye duka la jumla upande wa kusini-magharibi, kule ambako maduka yamepangana kama makabati: mikoba, viatu, maua ya plastiki, saa za ukutani, kila kitu kwa katoni. Nilikuwa nikinunua kwake vitu vya kuuza Dallas. Tulielewana haraka kwa sababu wote wawili Kiingereza chetu kilikuwa cha kusukumana. Alikuwa akinipa chai ya majani iliyo ndani ya chupa ya jemu, akiniita Kapteni. Hiyo ni kwa sababu nilimwambia nilikuwa kapteni wa meli. Nilikuwa nafuta mafuta chumba cha injini, lakini yeye alijuaje.

Naye alinieleza yake. Alizaliwa ndani ya kiwanda cha nguo cha serikali, katika mji ulio mbali na bahari. Anaposema ndani ya kiwanda ni kweli: hospitali ya kiwanda, shule ya kiwanda, nyumba ya kiwanda, sinema ya kiwanda. Baba yake alifanya kazi humo, naye akaingia, akaoa humo humo. Mke alipopata mimba ya pili, mama mmoja wa ofisi alikuja nyumbani kila jioni kwa wiki mbili, anakaa kitandani kwao, anawauliza mnangoja nini. Mtoto mmoja ndiyo sheria. Wakaenda hospitali ya kiwanda wakamaliza walichoambiwa wamalize. Aliniambia hilo huku anapanga saa za ukutani, hakunitazama. Na baada ya kuitii kiasi hicho, miaka michache baadaye serikali ikakifunga kiwanda. Ikawaambia watu elfu na elfu, sasa nendeni mkajitafutie, nchi inabadilika, fanyeni biashara. Mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya geti moja.

“Nililia siku tatu,” akaniambia. “Halafu nikanunua soksi, nikauza.”

Nilimpenda kwa hilo. Nikampiga begani. Nikamwambia sisi ni watu wa aina moja, hatukusoma, hatukubebwa. Na hapo ndipo alipoitazama kofia yangu.

“Kapteni, hiyo imetengenezwa kwa mashine gani?”

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwonyesha vidole vyangu kumi. “Mashine ya mama yangu ni hii.”

Akaomba kuishika. Akaigeuza nje ndani, akaichungulia kwenye taa, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu yule alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo, kazi anaijua. “Siku ngapi?”

“Miezi mitatu.”

“Binamu yangu ana mashine za kudarizi. Kijijini, karibu na pwani. Dakika kumi.”

Ningeweza kusema sitaki. Ningeweza kumpa moja ya zile za kuuza zilizokuwa garini, zilikuwa mbili. Lakini zile zilikuwa nzuri, na ya kichwani mwangu ilikuwa nzuri zaidi, nami ni mtu ambaye akionyesha kitu anaonyesha kilicho bora. Nikamwachia kofia ya mama juu ya meza, kati ya chupa ya chai na maua ya plastiki, nikarudi Grand Prairie kichwa wazi, kioo cha gari nimekishusha, napiga miluzi.

Baada ya wiki kadhaa akanipigia simu. Wamechora kila kitu kwenye kompyuta. Kuna swali moja.

“Kapteni, kuna kosa. Nyuma, kulia. Kitundu kimoja hakuna. Warekebishe?”

Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha hapo. Hakuna mtu angejua. Lakini sikiliza nilivyojibu, kwa sauti, nimesimama katikati ya ghala la watu huku nimevaa helmeti ya kazi: “Hilo si kosa! Hiyo ni alama yangu. Waiache. Kila atakayeivaa avae alama yangu!”

Alama yangu. Kama kwamba niliishona mimi.

Zikaja makatoni ishirini. Nikafungua la kwanza, zimo ndani ya mifuko ya nailoni, nyeupe kuliko meno, na nyuma ya sikio la kulia kitundu changu, kofia baada ya kofia baada ya kofia. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilivaa moja nikajitazama kwenye kioo cha lori. Uzi wake ulikuwa mgumu kidogo, unawasha paji, lakini nani atajua? Sikuuliza kofia ya mama iko wapi. Nilikuwa na makatoni ishirini, ningeuliza moja ya nini?

Idi ile niliuza zote kabla ya siku ya Idi. Yule mhandisi alirudi akanunua tano, hakubisha bei, akaniambia, “Unaona, ami? Popote nilikokuwa nasema ndiyo hapa.” Sikumwambia zimeshonwa na mama zetu, wala sikumwambia hazikushonwa na mama zetu. Hakuuliza. Watu wakitaka rahisi hawaulizi.

Dada alipiga simu, kofia ishirini na nne ziko tayari, nani anakuja nyumbani azibebe? Nikamjibu: “Dada, soko limelala. Watu huku siku hizi hawavai kofia.”

Nikasikia anawageukia wenzake anawaambia. Halafu akasema, “Haya, tutangoja liamke.”

Wakangoja.

Mwaka uliofuata nilikwenda Missouri City na makatoni yangu nikakuta watu watatu, kila mmoja na meza yake, wanauza kofia ileile. Kitundu kilekile. Mmoja alikuwa mtu wa Gambia, mwingine alikuwa mwanamke wa Kisomali, na bei zao zilikuwa chini ya yangu. Yule mwanamke akaniita, “Njoo baba, kofia nzuri, inaitwa Zanzibari.” Ananiuzia mimi! Niliacha makatoni palepale kwenye nyasi nikaendesha moja kwa moja mpaka dukani kwa yule bwana.

“Kapteni! Chai?”

“Sitaki chai. Kofia yangu umemuuzia nani?”

“Wote.”

Hakujificha hata chembe. Alikuwa anajibu kama nimemuuliza duka linafungwa saa ngapi.

“Tulikubaliana ni yangu!”

“Tulikubaliana lini? Karatasi iko wapi?”

“Kofia ile ni ya mama yangu!”

“Mama yako aliandikisha?”

Nikaipiga meza, chupa ya jemu ikaanguka ikavunjika. Na hapo yeye naye akapandisha. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele kabla ya siku ile.

“Unapiga meza yangu? Kapige meza ya mkuu wa wilaya! Binamu yangu alianza na mashine nne. Sasa jirani zake wote wana mashine. Kijiji kizima kinatoa kofia, na Mwislamu hata mmoja hayupo pale! Mkuu wa wilaya amekuja na kamera, amewapa ardhi, amewapa umeme, wakipeleka nje wanarudishiwa kodi. Kwa sababu yeye naye wa juu yake amemwambia uza nje, mwaka huu zaidi ya mwaka jana, usipouza kiti huna. Unataka nimpigie simu nimwambie kuna baharia Texas amekasirika?”

“Mwambie!”

“Mimi walinitoa kwenye kiwanda nilichozaliwa. Mtoto wangu wa pili…” Akainama akaanza kuokota vigae vya chupa. “Nani alikasirika kwa ajili yangu, Kapteni? Wewe?”

Nilitoka nikaubamiza mlango. Njiani kurudi Dallas, saa nne kasoro za barabara iliyonyooka, nilikuwa natukana peke yangu. Nilitukana kijiji, mashine, mkuu wa wilaya. Lakini nilichokuwa nashindwa kukimeza ni hiki: ile serikali ilimtuma daktari akatibu macho ya mama yangu bure, nayo hiyo hiyo ikasimama nyuma ya mashine iliyoyafanya macho yale yasiwe na kazi. Na watu wake wenyewe imewafanyia makubwa kuliko hayo. Inatoa kwa mkono mmoja na hujui mkono wa pili uko wapi, mpaka siku unapouona. Yetu sisi je? Yetu haina hata mkono wa kwanza. Hakuna mkuu wa wilaya aliyewahi kukanyaga uani kwa dada yangu, si kwa kamera, si kwa umeme. Umeme wenyewe ulikuwa ukikatika, wanawake wanahamisha mkeka kufuata jua.

Na kama Mungu alitaka kunionyesha vizuri, mwaka ule ule alikuja Houston mkubwa mmoja wa serikali kutoka nyumbani. Watu wetu wote wakaitwa hotelini, tukavaa, tukapanga viti. Akapanda jukwaani mbele ya bendera. Kanzu safi, koti, na kofia. Nilikuwa safu ya pili. Alipogeuka kumsalimia mwenyekiti, nikakiona. Nyuma ya sikio la kulia.

Alizungumza saa nzima. Marafiki zetu wa China wametujengea hiki, wanatujengea kile, barabara, uwanja, majengo, hawatupangii masharti, tujifunze kwao bidii. Watu wakapiga makofi. Halafu akasema sisi tulio nje tusisahau utamaduni wetu, akaishika kofia yake kwa vidole viwili. “Kama hii. Kazi ya mikono ya mama zetu. Hii huwezi kuipata popote duniani.”

Makofi tena. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilisimama. Mwenyekiti akadhani nina swali, akaniletea kipaza sauti.

“Mheshimiwa,” nikasema.

“Naam, bwana, karibu.”

Watu mia wananitazama. Nina sentensi yangu tayari mdomoni: kofia hiyo imetoka kijiji cha China, mama zetu hawana kazi, na wewe huijui hata ya kwenu ukiivaa. Lakini sentensi ile ilikuwa na mkia. Wangeuliza, umejuaje? Na mkia wake ni mimi. Nikasimama na kile kipaza sauti, mimi ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya mtu, nikasema, “Karibu sana Texas.” Nikakaa. Nikapigiwa makofi pia.

Ilikuwa kama wiki mbili kabla ya Ramadhani simu ya dada ilipoingia. Kwangu asubuhi, malori yanapakia. Kwao alasiri.

“Uko kazini?”

“Niko kazini dada, hapa malori yanapakia, nitakupigia…”

“Yaache yapakie. Niko uani na wenzangu, simu nimeifungua sauti. Wote wanakusikia.”

Nikawasalimia, wakaitikia kwa pamoja. Mmoja akasema, “Shikamoo yetu iko wapi, tajiri?” Nikawaamkia, wakacheka, marahaba, marahaba. Dada hakucheka.

“Nimeshika kofia hapa. Nimeinunua sokoni Darajani leo, imo ndani ya mfuko wa nailoni. Maua manane. Niambie, nyuma ya sikio la kulia pana nini?”

Nilitoka nje ya ghala. “Dada, hawa Wachina wanaiga kila kitu, labda wameokota ya baba…”

“Ya baba mbele ya paji.”

“Au ya mjomba.”

“Ya mjomba kushoto. Hii ni ya kulia. Wa kulia ni nani?”

Nilisikia jogoo wa jirani.

“Ni mimi,” nikasema.

“Sema vizuri, simu inakatakata.”

“Ni mimi, dada! Niliwapa mimi. Kwa mkono wangu.”

Sauti moja, sijui ya nani mpaka leo, ikauliza taratibu: “Na lile soko lililolala, limeshaamka?”

Hapo walicheka, lakini si kicheko cha kwanza. Nilitaka kuwaambia mambo mengi. Kwamba ningewalipia, ningewanunulia mashine, mimi nina uwezo, mimi si mtu mdogo huku. Nilianza kusema na dada akanikata.

“Yenyewe iko wapi?”

“Ipi?”

“Ya mama. Usinifanye mjinga.”

“Sijui.”

“Hujui.”

“Sikuuliza.”

Nikasikia anavuta pumzi. Mkubwa wangu kwa miaka tisa, aliyeuza bangili. “Kaulize,” akasema, na simu ikakatwa.

Sikungoja hata lori lijae. Niliendesha mpaka Houston. Tangu siku ya kuvunja chupa sikuwa nimekanyaga dukani mle. Alikuwa amezeeka kidogo, na chai sasa alikuwa anainywa kwenye chupa ya plastiki. Hakunikaribisha. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema, “Kofia ya mama yangu.”

Alifungua droo ya chini kabisa, akatoa vitabu vya bidhaa, akatoa bahasha ya kahawia, akaisukuma kwangu. Ndani mlikuwa na vipande saba. Waliikata ili iweze kulala bapa chini ya mashine ya kupigia picha. Mkato mmoja ulipita katikati ya ua la kulia, jirani kabisa na kile kitundu.

“Waliirudisha mwaka ule ule,” akasema. “Nilimwambia binamu arudishe, ni ya mama yake. Nimeitunza.”

“Kwa nini hukunipa?”

“Hukuuliza.”

Maneno yale yale niliyomwambia dada, anayasema yeye. Nilitaka kumpiga. Wallahi nilitaka. Badala yake nilikaa juu ya katoni na ile bahasha mapajani, na yeye akaniwekea maji ya moto kwenye kikombe, nikayanywa taratibu mpaka mteja alipoingia.

Bahasha niliikabidhi kwa nesi mmoja wa Missouri City aliyekuwa anakwenda nyumbani kufunga na wazazi wake. Ramadhani nzima dada hakunipigia. Nilipiga mimi, simu ikapokewa na mwanawe: mama yake anashona. Kila siku mama anashona. Siku ya nne ya Idi akanipigia yeye.

“Nimemaliza.”

“Imekuwaje?”

“Imekuwa kofia. Ukiitazama karibu mikato inaonekana.”

“Nitumie, dada. Nitafute mtu wa kuibeba?”

Akasema, “Kile kitundu chako nimekitoboa.”

Sikumwelewa. Halafu nikamwelewa, na hasira zote za miaka ile zikanijia kwa mara moja. Nilimfokea. Nilimfokea dada yangu aliyenilea, nikamwambia hana haki, ile ni alama ya mama, mama ndiye aliyeiweka, ni yangu, hakuna kitu kingine cha mama nilichonacho duniani. Akaniacha nifoke mpaka nikaishiwa.

“Umemaliza?” akasema. “Wewe alama yako inayo dunia nzima. Nimekitoboa ili nikiiona nijue ni ya mama. Imebaki hii moja tu isiyo yako.”

Haikuja. Hakusema hataituma, mimi sikuomba mara ya pili. Idi ya kuchinja nilikwenda kuswali kichwa wazi. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, “Bwana mkubwa, wewe muuza kofia, yako iko wapi?” Nikamwambia iko kwa mwenyewe. Imamu akapiga takbiri, tukainama, na nilipoinua macho safu nzima mbele yangu ilikuwa vichwa vyeupe, na nyuma ya kila sikio la kulia kitundu changu, hakijatobolewa. Sijui niliswali nini siku ile.